Mchoraji Anahitaji Oda ya Nyumbani

Ubao wa masonaiti wa futi nne kwa nane ukikatwa sawasawa hutoa vipande vinane vya mraba, kila kimoja futi mbili kwa mbili. Hicho ndicho kipimo alichokizoea Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na rangi aliyotumia ilikuwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ile ambayo watu walipaka baiskeli zao. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akatunza bustani za watu jijini, baadaye akawa mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa kuwa hapo ndipo walipopita Wazungu wenye fedha za kununua. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa, akafa, akiwa amechora kwa takriban miaka minne. Muda huo mfupi ulitosha kuacha wanafunzi, akina Omari Amonde, January Linda, Simon Mpata na Adeusi Mandu, na kuacha mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Mwaka 1990 warithi wa mtindo huo waliunda chama cha ushirika, na kazi yao iliendelea karibu na duka lile lile. Wanachora turubai kwa wingi, lakini wanachora pia sinia, vigoda, masanduku na meza ndogo.

Hivyo vya mwisho ndivyo ninavyotaka kuvitetea. Wako wapenzi wa sanaa wanaoamini kwamba picha iliyotundikwa ukutani ni sanaa, na kigoda kilichochorwa ni bidhaa tu. Lakini tuitazame rangi yenyewe. Rangi ya baiskeli imetengenezwa ikae juu ya kitu kigumu, istahimili jua, vumbi na mikono ya watu. Ikipakwa kwenye turubai, kisha turubai ikaviringishwa na kubanwa ndani ya begi la msafiri, inaweza kupasuka. Ikipakwa kwenye ubao uliosuguliwa vizuri, inatulia miaka mingi. Turubai ilipendwa kwa sababu mtalii anapanda ndege na ubao ni mzito. Na huko Kusini alikotoka Tingatinga, watu walichora kuta za nyumba zao zamani kabla ya kuwapo soko lolote la Oyster Bay. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyezunguka sehemu hizo mwaka 1906, aliweka kumbukumbu ya michoro kama hiyo. Kwa hiyo anayemletea mchoraji kabati au kitanda akitaka kichorwe hamshushi hadhi. Anairudisha rangi mahali pake, yaani kwenye vitu vya nyumba ambamo watu wanaishi.

Hoja yangu yenyewe inakwenda mbali zaidi ya rangi. Naamini kwamba sanaa hii ya kuchora kwa mkono itabaki hai ikiwa watu wa hapa hapa, wa Mbagala na Mikocheni, wa Nakuru na Malindi, wataanza kuagiza vitu vyao wenyewe, na kwamba isipopata oda hizo itaendelea kuwepo kwa jina huku ikikauka ndani. Sababu ni hii. Mchoraji anayechora kwa ajili ya rafu ya duka la zawadi hamjui atakayenunua. Kwa kuwa hamjui, anarudia kile kilichouzwa jana: tembo watatu, twiga chini ya mbuyu, Mlima Kilimanjaro wenye theluji, Mmasai mwenye mkuki. Simlaumu, maana kodi ya nyumba haingoji. Ila mkono unaorudia unaingia katika shindano na mashine, na mashine ya kuchapa imeshashinda shindano hilo. Leo tembo wale wale wanachapwa juu ya vikombe, mifuko na stika kwa gharama ndogo mno, na mnunuzi wa haraka hatofautishi. Kitu kimoja tu ambacho mkono unakiweza na mashine haikiwezi ni kumsikiliza mtu fulani, kufikiri, na kumtengenezea kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Kazi hiyo haianzi bila mtu wa kuisema haja yake.

Pwani yetu ina ushahidi mrefu wa jambo hili. Milango ya Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambayo leo watalii wanaipiga picha tangu asubuhi hadi jioni, haikuchongwa ikasubiri mnunuzi. Ilikuwa ya kuagizwa. Mwenye nyumba alijulikana kabla patasi haijagusa mti, na mlango ulipokamilika ulieleza habari zake: uwezo wake, dini yake, mara nyingi aya ya Kurani juu ya kizingiti, na mara nyingine mwaka wa Hijria ulioandikwa pale pale. Fundi hakukosa la kubuni kwa sababu ya masharti hayo. Minyororo, mawaridi, majani na maandishi yaliwekwa upya kila mara kulingana na upana wa mlango na kina cha mfuko wa mwenyewe. Vivyo hivyo zile samadari za Unguja zenye vioo vilivyochorwa maua kwenye mbao za kichwani: chombo cha kulalia, na bado rangi yake ina uzuri ambao makumbusho yanautafuta.

Mfano ulio wazi zaidi ni Muhammad bin Abubakari Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana. Kijuma alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu, mchonga milango, mtengenezaji na mpigaji wa gambusi. Sehemu kubwa ya tunachokijua kutoka mkononi mwake ilipatikana kwa njia ya maagizo. Mwaka 1913 aliandika nakala ya Utendi wa Fumo Liyongo kwa ajili ya Alice Werner, mtaalamu Mwingereza. Katika miaka ya 1930 alimwandikia Mjerumani Ernst Dammann hati nyingi ambazo zimehifadhiwa Ulaya mpaka sasa. Kuna mtindo wa milango ya Lamu unaoitwa kwa jina lake. Hakuna msomi wa maana aliyewahi kusema kwamba kazi ya Kijuma ina upungufu kwa kuwa ililipiwa kabla haijaandikwa. Kinyume chake, maagizo yale ndiyo yaliyomlazimisha kutoa kilichokuwa kichwani mwake na kukiweka mahali ambapo sisi tunaweza kukiona. Lakini jambo hilo lina huzuni yake, na sitaki kulipita: walioagiza hati hizo walikuwa wageni, kwa hiyo hati zenyewe zikaenda ughaibuni. Anayeagiza ndiye anayeamua kitu kitakaa wapi. Tukiwaachia wengine kazi ya kuagiza, tusishangae kuikuta sanaa yetu katika nyumba zao.

Mtu anaweza kunijibu kwamba watu wetu hawana utamaduni wa kulipia michoro. Hilo si kweli, na matatu za Nairobi zinatosha kulikanusha. Mwenye gari anampelekea mchoraji basi zima, wanakaa, wanabishana juu ya sura ya mwanamuziki gani au mchezaji gani iwekwe ubavuni, na analipa, kwa kuwa anajua abiria vijana huchagua gari kwa macho. Kanuni za usalama barabarani zilizoanza kutumika mwaka 2004, zile zilizoitwa kwa jina la Waziri Michuki, ziliyabana magari hayo kwa kuyataka yawe na mstari wa manjano badala ya mapambo, na bado michoro ilirudi kwa nguvu katika miaka ya 2010 serikali ilipolegeza. Kwa upande wa bahari, angalia ngalawa na mashua kuanzia Kilwa hadi Kizimkazi: jina lililochaguliwa na mwenye chombo, maua, mwezi na nyota, yote kwa brashi. Wavuvi si matajiri. Wanalipia rangi kwa sababu chombo ni chao na wanataka kijulikane. Tunao utamaduni wa kuagiza. Tatizo ni kwamba umeishia barabarani na ufukweni, haujaingia sebuleni, ambako tumekubali kununua makochi ya kijivu na meza za vioo zinazofanana kutoka Kigoma hadi Kisumu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wachoraji wenyewe, nami naliheshimu. Wanasema mteja anaua ubunifu: anakuja na picha ya simba katika simu yake, anataka simba huyo huyo, rangi hiyo hiyo, tena kwa bei ya kutupa. Wanasema heri kuchora unachotaka kisha mwenye macho atanunua. Lakini tuulize, huyo anayechora kwa ajili ya rafu anachora anachotaka kweli? Duka nalo linaagiza, tena bila mazungumzo. Linaagiza kwa kununua tembo na kuacha kingine. Mchoraji anajifunza kutii bila hata kusikia amri, na utii wa namna hiyo ni mgumu kuupinga kuliko wa mteja aliyekaa mbele yako, ambaye unaweza kumwambia hapana, au kumwambia ngoja nikuoneshe njia nyingine. Kuna tofauti kubwa kati ya anayesema nichoree hiki na anayesema nichoree habari hizi. Wa kwanza anataka nakala. Wa pili anakuja na jambo: kwamba marehemu bibi alikuwa mfinyanzi, kwamba familia ilihama kutoka Newala kwenda Morogoro, kwamba mtoto anayelalia kitanda hiki anaogopa giza. Kazi ya mchoraji hodari ni kumgeuza mteja wa kwanza awe wa pili, na hilo linafanyika kwa maswali. Ni ujuzi, kama ulivyo ujuzi wa kuchanganya rangi, na unastahili kufundishwa katika karakana zetu pamoja na brashi.

Halafu kuna suala la bei. Nakubali kwamba kabati zima la mninga lililochorwa pande zote si jambo la mshahara wa mwalimu. Wala mchoraji asipunguze bei yake ili ilingane na kabati la mbao za kusaga lililotoka kiwandani, maana hapo atakuwa anajiibia. Ila oda haianzii kwenye kabati. Inaanzia kwenye kigoda, sinia, kibao cha jina mlangoni, kisanduku cha vito, kiti kimoja cha mtoto. Tena tuna desturi ambayo ingeweza kubeba gharama hizi bila kumwumiza mtu mmoja. Katika kicheni pati na sherehe za kumuaga binti, watu huchanga fedha nyingi, nazo huishia kwenye seti za sufuria ambazo bibi harusi anajikuta nazo tatu au nne. Mashangazi na mashoga wakichanga pamoja wakaagiza sanduku moja la nguo, likachorwa mambo ya koo mbili zinazoungana, watakuwa wametoa kitu ambacho mjukuu ataulizia siku moja. Shule zenye maktaba, wodi za watoto hospitalini, kumbi za makanisa na ofisi za kata nazo hununua samani kila mwaka. Sehemu ndogo ya fedha hizo ikienda kwa mchoraji wa mtaani, yeye atapata kazi ya miezi na umma utapata viti vyenye sura.

Wako pia wanaosita kwa sababu ya imani. Nyumba nyingi za Waislamu hazitaki sura za viumbe hai mahali watu wanaposwali na kuishi, na mchoraji aliyelelewa kwenye wanyama wa mbugani anaweza kudhani kwamba huko hana soko. Mimi naona huko ndiko kwenye soko lenye changamoto tamu kuliko yote. Sanaa ya pwani imeishi karne nyingi kwa majani, minyororo, nyota na maandishi, na mikeka ya ukindu inatuonesha jinsi rangi mbili tatu na mistari inavyotosha kujaza jicho. Mchoraji akiagizwa rehali, au sanduku la udi, au meza ya kahawa isiyo na mnyama hata mmoja, atalazimika kuuacha mkono wake wa mazoea. Mazoea ndiyo yanayoidhoofisha kazi yake hivi sasa.

Kuhusu uaminifu wa mafundi, wateja wana haki ya kulalamika. Njoo Jumatatu, njoo Ijumaa, umeme ulikatika, rangi haijakauka: nani hajasikia? Sehemu ya ucheleweshaji huu ni uzembe na haitetewi. Sehemu nyingine inatokana na kazi yenyewe, na mteja akielezwa mapema hatakasirika. Mbao zikiwa mbichi zitajikunja na kupasua mchoro, kwa hiyo seremala wa Keko au wa Ngong Road anapaswa kutoa mbao zilizokauka. Juu yake huja msasa, kisha andakoti, kisha msasa tena. Rangi ya mandhari inapakwa na kuachwa ikauke, kwa kawaida usiku mzima au zaidi hewa ikiwa na unyevu, na kila tabaka la picha linadai muda wake. Mwishoni vanishi, hasa kwa meza, kwa kuwa kikombe cha chai ya moto huacha duara jeupe juu ya kazi isiyokingwa. Saa za brashi zinaweza kuwa chache, lakini kigoda kidogo kikakaa kwa fundi wiki mbili, na mchoraji wa oda hawezi kuchora vigoda kumi vinavyofanana kwa mkupuo ili vikauke pamoja. Bei inabeba siku hizo, pamoja na mazungumzo na michoro ya penseli. Mchoraji apokee advansi inayotosha kununua vifaa, atume picha kwa WhatsApp kila hatua, na aandike tarehe kwenye karatasi yenye sahihi mbili. Wateja waliotendewa hivyo hurudi na jirani zao.

Hapa niongeze jambo ambalo wanaoagiza vitanda na viti vya watoto wasiliache. Rangi za mafuta zenye kung'aa, hasa za manjano, nyekundu na machungwa, zimekuwa na historia ya kutiwa madini ya risasi, nayo ni sumu inayoathiri ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linaunga mkono kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Mtoto anatafuna ukingo wa kitanda, anakwangua ua kwa kucha. Mchoraji wa turubai ya ukutani anaweza kulisahau jambo hili, lakini mchoraji wa samani hana ruhusa ya kulisahau. Anunue kopo lenye maelezo ya kiwanda kwamba rangi haina risasi, na amwoneshe mteja kopo hilo. Avae barakoa anaposugua samani za zamani zenye rangi asiyoijua, maana vumbi hilo humwingia yeye kwanza.

Limebaki suala la nani mwenye mchoro baada ya fedha kulipwa, na hapa naona wachoraji wetu wanaumia kimyakimya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inachukulia kwamba kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba hoteli ikiagiza meza moja, kisha ikachapa mchoro wa meza hiyo kwenye fulana na menyu zake, mchoraji asiye na karatasi atapata shida kudai chochote. Haki ya kutajwa kuwa mtunzi inabaki kwake, lakini haki ya kutajwa haimlishi. Dawa yake ni sentensi moja katika makubaliano: mteja amenunua meza, na hakimiliki ya mchoro imebaki kwa mchoraji. Mteja wa nyumbani hatapoteza kitu kwa sentensi hiyo, kwa kuwa hana nia ya kuchapa fulana. Yeye naye anahitaji sentensi yake. Familia iliyomwamini mchoraji kwa habari zake, jina la babu, ramani ya kijiji, alama ya ukoo, isije ikaona sanduku lile lile likiuzwa sokoni kwa mtu asiyewajua. Basi iandikwe pia kwamba mchoro huu hautarudiwa kwa mwingine bila wao kuulizwa, na jina la mchoraji, mahali na mwaka viwekwe chini ya kifuniko kwa rangi ile ile, kabla vanishi haijapakwa.